Vipele Baada ya Chanjo: Je, ni Mzio?

Leo naongea nawe mama, nawe baba, na hasa wewe nyanya, maana huku kwetu Kakamega neno lako ndilo hufuatwa nyumbani.

Mama mmoja alimleta mtoto wa miezi 9 kwa chanjo ya surua. Nikifungua kijitabu chake cha kliniki, naona chanjo zilikomea wiki ya 6. Kumbe siku 3 baada ya sindano ile mtoto alitoka vipele shingoni na makwapani, nyanyake akasema damu yake haipatani na chanjo. Nilipouliza zaidi, mtoto alikuwa akifungwa blanketi mbili mchana. Vile vilikuwa vipele vya joto! Kwa sababu hiyo alikosa sindano za wiki ya 10 na ya 14, akabaki bila kinga kamili ya kifaduro, dondakoo na pepopunda. Tulianza kuzifidia siku hiyo hiyo.

Mzio, au aleji, upo kweli. Chanjo ya surua na rubela huwa na jelatini na chembe za dawa iitwayo neomisini, na watoto wachache miili yao huvikataa. Lakini tazama saa. Mzio wa hatari huja upesi, mara nyingi ndani ya nusu saa: mabaka yaliyovimba yanayowasha mwili mzima, midomo na macho kufura, kupumua kwa shida, mtoto kulegea. Hutokea karibu mara 1 katika dozi milioni 1, na dawa yake, adrenalini, huwekwa tayari pale tunapochanja. Ndiyo maana tunakuomba ukae kwenye benchi dakika 30. Najua bodaboda anapiga honi nje. Mwache apige.

Ukiwa umeshafika nyumbani na uone dalili hizo, usingoje asubuhi, mkimbize mtoto hospitalini. Mabaka yakitokea peke yake, mlete tuyaone na tuyaandike kijitabuni, kisha tuamue pamoja kuhusu dozi ijayo. Usiamue peke yako.

Mengine si mzio. Kidonda cha BCG kwenye mkono wa kushoto huvimba, hutoa usaha kidogo na kuacha kovu. Ndivyo kinavyopaswa kuwa. Usikipake majivu, mafuta ya taa wala jeli, na usikikamue. Vipele vyepesi pamoja na homa siku ya 7 hadi ya 12 baada ya chanjo ya surua ni mwili unajifunza kupigana, navyo huisha vyenyewe. Uvimbe mgumu kama punje ya mahindi pajani hutokana na chumvi za aluminiamu zinazoipa chanjo nguvu. Unaweza kukaa wiki nyingi, hata kuwasha, lakini usiukande kwa maji moto.

Na mayai? Wengi huniuliza. Mtoto anayetoka vipele akila yai bado anaweza kupata chanjo ya surua. Mwambie tu muuguzi kabla ya sindano, kama vile ungemwambia kuhusu dawa yoyote iliyowahi kumfurisha mtoto.

Juma lijalo tutazungumzia homa baada ya chanjo, na kiasi cha panadol cha kumpa mtoto. Kwaheri kwa sasa.