Taa za LED na Rangi Zionwazo na Jicho

Mwanga unaoonekana na binadamu ni mawimbi yenye urefu wa kuanzia nanomita 380 hivi, upande wa zambarau, hadi karibu nanomita 780, upande wa wekundu, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Jinsi taa inavyogawa nguvu yake katika mawimbi hayo ndiyo spektra yake, na taa za LED zina spektra ya namna ya pekee.

Balbu ya zamani yenye waya wa tangsteni hutoa mawimbi yote kwa mfululizo, mengi zaidi yakiwa upande wa wekundu. LED nyeupe ya kawaida, kwa upande wake, ina kipande kidogo cha nusukipitishi kinachotoa mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi, nacho hufunikwa kwa fosfa, yaani unga unaofyonza sehemu ya buluu hiyo na kutoa mwanga wa njano. Ugumu ulikuwa katika kuipata buluu yenyewe, na ni kwa kufanikiwa kuipata ndipo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Jicho huuona mchanganyiko huo wa buluu na njano kuwa mweupe kwa sababu retina ina aina tatu tu za seli za kutambua rangi, ziitwazo koni, ambazo hujumlisha mwanga unaozifikia bila kubagua wimbi moja moja. Kwa hiyo taa mbili zenye spektra tofauti huweza kuonekana nyeupe sawasawa, lakini zikamulika vitu kwa namna zisizolingana. Nyanya mbivu huakisi hasa mawimbi yanayozidi nanomita 600, na ikimulikwa kwa taa yenye uhaba wa mawimbi hayo wekundu wake hufifia, ingawa haijapungukiwa na chochote. Vilevile, vitambaa viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti huweza kufanana dukani na kuachana vikitolewa juani.

Uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi hupimwa kwa kipimo cha CRI, ambacho kikomo chake ni 100. Hata hivyo, kipimo hicho ni wastani wa rangi nane zisizokolea, na wekundu uliokoza hupimwa kando kwa jina la R9. Nayo kelvini, namba nyingine inayoandikwa kwenye taa, huonyesha tu kama weupe unaelekea njano, kama 2,700, au buluu, kama 6,500. Hivyo fundi cherehani, mpaka rangi au muuza nyama anayechagua taa kwa kusoma wati na kelvini peke yake huwa hajajua bado rangi zitaonekanaje chini yake.