Mgonjwa wa Kisiwani Aambiwe Kabla ya Kuvuka

Mgonjwa wa Ukara anayetaka kumwona daktari bingwa mjini Mwanza huvuka maji mara mbili. Hupanda kivuko Bwisya hadi Bugolora, hufuata barabara mpaka Nansio, na hapo hungoja meli, safari ya saa tatu hivi. Watu wa visiwani hawayavuki maji haya kwa wepesi wa moyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka kikikaribia Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Mtu aliyefika kwa njia hiyo, ana kadi ya bima mkononi na barua ya rufaa mfukoni, hastahili kuambiwa dirishani kwamba leo si siku ya wenye kadi.

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu nilipomsindikiza mama yangu mzazi, ambaye ni mtegemezi katika kadi yangu, kwenye hospitali moja ya mjini ambayo sitaitaja. Ilikuwa Jumatano. Tulielezwa kwa adabu kabisa kwamba bingwa tuliyemhitaji huwaona wagonjwa wa bima siku ya Jumanne. Tulipokuwa tukitoka, mhudumu mmoja alitunong'oneza kwamba daktari huyo huyo angepatikana jioni katika chumba chake cha tiba mjini, kwa fedha taslimu. Mama alipiga hesabu ya nyumba ya wageni kwa siku sita, akaniuliza kama kadi ile ilikuwa ya kweli. Sikuwa na jibu la haraka.

Sipendi lawama zote zimwendee daktari, kwani naye ana watoto na karo. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida. Mwaka 1991 mlango huo ukafunguliwa, na mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Siombi marufuku irudi. Ninachokataa ni mwenye bima kukaribishwa asubuhi kwa kalenda na jioni kwa pochi.

Hospitali ya Bugando ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1971, ikatwaliwa na Serikali baada ya muda mfupi, kisha mwaka 1985 ikarejeshwa kwa Maaskofu Katoliki kwa makubaliano kwamba Serikali iendelee kusaidia mishahara. Ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Tofauti hiyo ya kanda na mkoa, ambayo ofisini huonekana ndogo, kwa mvuvi ina uzito. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6, ulipangwa kumhudumia mwanachama kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kanda haikuwamo. Je, ni wangapi walioelezwa hivyo siku ya kulipa mchango? Wengi waliupanda mlima wa Bugando ndipo wakaelewa.

Hata wenye kadi za Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, wamewahi kukwama. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilitangaza kusitisha kuwapokea kwa sababu ya ugomvi juu ya bei za kitita kipya cha mafao. Mkazi wa mjini husikia habari hizo redioni, akabadili njia. Aliye melini amekwisha lipa nauli.

Hapana shaka juhudi zimefanyika. Kituo cha afya cha Bwisya kilipanuliwa kwa fedha za rambirambi za maafa yale ya 2018, na mwaka 2024 madaktari bingwa walianza kupelekwa katika halmashauri. Lakini kambi hukaa siku chache, na ugonjwa wa moyo haungoji msafara. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Kadi zitakapokuwa nyingi zaidi, madirisha hayo hayo yatazidi kusongwa.

Kwa hiyo tunawataka Mganga Mkuu wa Mkoa na ofisi ya Mfuko hapa Mwanza watoe kila mwezi orodha ya mabingwa wa kila hospitali ya mjini: siku zao za kliniki, kadi zipi zinapokewa, na rufaa ya ngazi gani inatakiwa. Hospitali ya wilaya Nansio isiandike rufaa kabla ya kupiga simu na kupewa tarehe, na tarehe hiyo iandikwe juu ya barua yenyewe. Wagonjwa wa visiwani watengewe nafasi katika siku yoyote watakayofika na barua hiyo. Na orodha ibandikwe gatini Nansio, kando ya dirisha la tiketi, isomwe kabla nauli haijalipwa.