Makaa Yakishaungua Huenda Wapi?

Mama wa nyumbani hutia makaa hata sigiri ikajaa, akapika maharage na ugali, na asubuhi akazoa majivu yasiyotimia kibaba. Je, yale makaa mengine yamekwenda wapi? Wengi hujibu kwamba yamekwisha. Jibu hilo si sahihi, na tena lina hatari ndani yake.

Kila kitu, tangu viatu vya askari hadi chumvi ya Katwe, kimefanyika kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Kitu chenye atomu za aina moja tu huitwa elementi. Chuma ni elementi, na shaba ya Kilembe vilevile. Wataalamu wamekwisha kuorodhesha elementi 118. Makaa, kwa sehemu kubwa, ni elementi iitwayo kaboni.

Maji ya Katwe yakikaushwa na jua, chumvi iliyokuwamo hubaki chumvi. Hayo ni mabadiliko ya hali tu. Kuungua ni jambo jingine. Atomu za kaboni huachana, zikashikamana na atomu za oksijeni iliyomo hewani, na kitu kipya huzaliwa. Katika karne ya 18, Mfaransa Antoine Lavoisier alionyesha kwa mizani kwamba katika mabadiliko hayo uzito haupotei. Kilo 3 za kaboni zikiungua kabisa hula kilo 8 za oksijeni na kutoa kilo 11 za hewa ya ukaa. Makaa, basi, yamepaa bila kuonekana.

Penye hewa ya kutosha, kila atomu ya kaboni hupata atomu mbili za oksijeni. Lakini chumba kikifungwa madirisha kwa kukimbia baridi ya Kabale, oksijeni hupungua, na kaboni nyingi huambulia atomu moja moja. Hapo huzidi kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Tofauti ni atomu moja tu! Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ya oksijeni mara 200 na zaidi, hata damu ikashindwa kuchukua oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea. Aliyelala huenda asiamke tena.

Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayowadanganya watu. Wengine husema bakuli la maji kando ya jiko huimeza sumu hiyo. La, haiyeyuki majini ila kidogo mno.

Sigiri ipikiwe nje, wala isilale chumbani pamoja na watoto, hata ikiwa imefunikwa majivu. Akionekana mtu amelegea, milango ifunguliwe, atolewe upesi kwenye hewa safi na kupelekwa hospitali, hata akisema amepata nafuu. Anayeingia kumwokoa asikawie humo ndani. Jiko litolewe baada ya mtu.