Baiskeli hadi Kiambu: Sikiliza kifua chako kwanza

Bwana mmoja mwenye umri wa miaka 47 aliingia katika chumba changu cha matibabu Jumatatu moja akitaka dawa ya asidi tumboni. Mwezi uliotangulia alikuwa amenunua baiskeli yenye gia, na kila Jumapili alitoka Parklands hadi Kiambu na kurudi. Asidi hiyo, alinieleza, ilimjia tu alipokuwa akipanda mwinuko. Ilimkaza kifua, ikampanda hadi kwenye taya, kisha ikatoweka aliposhuka na kupumzika kama dakika tano.

Msomaji, hiyo haikuwa asidi. Ilikuwa mishipa inayoulisha moyo damu, ambayo ilikuwa imeanza kuziba. Moyo wake ulitosheka na damu kidogo akiwa ameketi ofisini, lakini ulilia kila alipoudai zaidi. Uchunguzi ulithibitisha hivyo. Leo anatumia dawa, ameacha sigara, na baada ya miezi kadhaa alirejea barabarani kwa ruhusa ya mtaalamu wa moyo. Sikumkataza baiskeli. Kwa hakika, ni baiskeli iliyomwokoa, kwa maana ilifichua mapema maradhi yaliyokuwa yamejificha.

Safari yenyewe ni nzuri na ninaipendekeza. Toka katikati ya jiji alfajiri ya Jumapili, kabla matatu hazijajaa, ushike barabara ya Limuru na kupita City Park hadi lango la msitu wa Karura. Lipa kiingilio, uingie. Huu ni msitu wa takriban hekta 1,000, ule ule ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea mnamo Januari 1999 usigawiwe wajenzi. Ndani kuna njia za udongo mwekundu, kima na mbega juu ya miti, na hewa isiyo na moshi wa dizeli. Baada ya mvua njia hizo huteleza sana, kwa hivyo usikanyage breki ya mbele peke yake. Toka kwa lango la upande wa barabara ya Kiambu, upite Ridgeways na Thindigua hadi mjini Kiambu, unywe chai, kisha urudi kwa barabara hiyo hiyo kupitia Muthaiga. Jumla ni kama kilomita 40.

Usidanganywe na idadi hiyo. Kiambu hakuko juu sana kuliko Nairobi, lakini barabara inashuka katika mabonde ya mito na kupanda tena mara kwa mara. Aidha, jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shemeji aliyewasili jana kutoka Mombasa atahema hata kwenye mwinuko mdogo, na wala si mvivu.

Je, utajuaje kwamba hujizidishii? Kipimo rahisi ni mdomo wako. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko sawa. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza gia. Wengine hupenda kuhesabu mapigo ya moyo: toa umri wako kutoka 220, kisha ulenge kati ya nusu na asilimia 70 ya jibu. Mwenye miaka 45 atapata mapigo 88 hadi 122 kwa dakika. Hata hivyo, anayemeza atenolol asitegemee hesabu hii, kwa sababu dawa hiyo huyazuia mapigo yasipande.

Ikiwa umepita miaka 40 na hujafanya mazoezi tangu shule, au una shinikizo la damu, kisukari, au baba au ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo, muone daktari kabla ya kununua hata kofia. Kisha anza na kilomita 10 kwa majuma machache. Anayemeza vidonge vya kumkojoza maji kwa ajili ya shinikizo asiviache siku ya safari, bali abebe maji ya kutosha. Anayetumia insulini au glibenclamide apime sukari kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya 5, ale kwanza, na abebe glukosi mfukoni. Sukari yaweza kushuka hata usiku baada ya safari, akiwa kitandani.

Hata asiye na kisukari yampasa kula. Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu, niliwahi kuondoka nyumbani na chai ya rangi pekee. Kufika Thindigua magoti yalikuwa yakitetemeka na barabara ikizunguka. Mama mmoja muuza ndizi alinitazama, akanipa mbili kabla hata sijauliza bei. Nilikaa karibu naye nusu saa nikiona haya kumwambia kazi yangu.

Kuna jambo moja ambalo wanaume huniambia tu baada ya kuufunga mlango: ganzi katika sehemu za siri. Kiti hukandamiza neva na mishipa ya damu ya hapo. Simama juu ya pedali kila baada ya dakika chache, uhakikishe ncha ya kiti haielekei juu. Urefu wa kiti nao upime hivi: ukiweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kilicho chini mno ndicho chanzo cha maumivu mengi ya goti ninayoyatibu.

Vaa kofia ngumu na nguo za rangi kali, ukae kushoto, na usizibe masikio kwa muziki. Na kifua kikikaza njiani, shuka papo hapo. Kisipolegea kwa dakika chache za kupumzika, usipande tena baiskeli hiyo. Tafuta gari likupeleke hospitali iliyo karibu.