Feebas: samaki anayepatikana kwa akili

Wachezaji wa Pokémon wakibishana kuhusu kiumbe mgumu kuliko wote kumpata, majina yanayotangulia huwa ya wakubwa wenye nguvu na sifa. Mimi ningempa nafasi hiyo Feebas, samaki wa rangi ya udongo mwenye madoa na mapezi yaliyochakaa, aliyeletwa na matoleo ya Ruby na Sapphire yaliyotoka Japani mwezi Novemba 2002. Wapo walio adimu kumpita, hilo halina ubishi. Lakini ugumu wa Feebas unashindwa kwa kujua na kufuata utaratibu, na kwa sababu hiyo naamini ni mfano bora kuliko yote wa jinsi kiumbe adimu anavyopaswa kufichwa katika mchezo wa kukusanya viumbe.

Tuangalie alivyofichwa. Katika nchi ya kubuni ya Hoenn, iliyochorwa kwa kufuata umbo la kisiwa cha Kyushu, kuna njia ya 119 inayopitiwa na mto mrefu. Maji ya mto huo yamegawanywa katika miraba 447 ya kuvulia, na Feebas anakaa katika miraba sita tu. Kwa macho, miraba hiyo haina tofauti yoyote na mingine. Ukitupa ndoano penginepo utavuta Magikarp, Tentacool au Carvanha hadi mkono uchoke. Ukiitupa kwenye mmoja wa ile sita, nusu ya samaki watakaonasa watakuwa Feebas, hata kama fimbo yako ni ile duni kabisa. Kinachoamua ni miraba ipi ni jambo la ajabu: msemo unaovuma katika mji wa Dewford, mbali na mto huo. Mchezo huzalisha namba pamoja na msemo, na namba hiyo ndiyo inayopanga makazi ya samaki. Msemo ukibadilika, Feebas wanahama.

Hesabu yake inafundisha mengi. Anayetupa ndoano ovyo mtoni ana nafasi 1 katika kila samaki 149 wanaonasa. Aliyekwisha kuujua mraba ana nafasi 1 katika 2. Kati ya namba hizo mbili hakuna kilichoongezeka ila maarifa. Tena, anayepita mto mzima kwa mpangilio, akinasa samaki mmoja tu katika kila mraba, atakuwa na nafasi 1 tu katika 64 ya kuikosa yote sita. Kwa maneno mengine, mtu mvumilivu aliye na daftari atafanikiwa karibu kila mara, na kazi yake ina mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Mlinganishe na viumbe wa rangi isiyo ya kawaida walioanza katika Gold na Silver mwaka 1999. Uwezekano wao ulikuwa 1 katika 8,192, na kukutana na viumbe porini mara 8,000 bila kufanikiwa hakukusogezi hata hatua moja kuelekea ushindi. Mew wa mwaka 1996 alikuwa mbali zaidi. Shigeki Morimoto alimpachika ndani ya mchezo wa kwanza bila njia ya kawaida ya kumfikia, kisha akagawiwa kupitia jarida la CoroCoro, ambako maombi zaidi ya 78,000 yalishindania nafasi 20. Hapo juhudi za mchezaji hazikuwa na kazi yoyote.

Ushahidi ulio na nguvu zaidi, kwangu, ni yule Magikarp anayenaswa katika mto huohuo. Jumla ya uwezo wake wa msingi ni 200, sawa kabisa na ya Feebas. Akikua anakuwa Gyarados mwenye jumla ya 540, sawa kabisa na Milotic, nyoka-maji mrembo ambaye Feebas hugeuka kuwa. Magikarp anahitaji kufika kiwango cha 20 tu. Feebas anahitaji kulishwa vidonge vilivyosagwa kwa matunda hadi urembo wake ufike 170, na ana kikomo cha kula: ukimshibisha kwa vidonge duni kabla hajafika hapo, ndiyo basi. Waliobuni mchezo waliweka njia rahisi na njia ngumu kandokando, zenye malipo sawa kwa namba. Anayechagua ngumu hafuati nguvu, kwa kuwa nguvu hiyo angeipata jioni moja kwa Magikarp. Anafuata raha ya kutafuta.

Wapo wanaosema kwamba hii ni siri isiyo ya haki, kwani mchezo hauelezi waziwazi uhusiano wa Dewford na mto. Katika hilo wana haki, nami naliona kuwa kasoro: mvuvi mmoja mzee pale mjini, akilalamika kwamba samaki wanahama kila watu wanapobadili misemo, angetosha kabisa. Hata hivyo, kumpata Feebas hakuhitaji kuijua sababu hiyo, kunahitaji tu kuuvua mto kwa mpangilio. Wengine wanasema intaneti imekwisha kuua siri zote. Siri nyingi, ndiyo. Lakini miraba sita ya mchezo wako siyo yangu, kwa hiyo maelezo ya mtandaoni yanaweza kukufundisha mbinu tu. Mahali penyewe utapatafuta mwenyewe, isipokuwa ukubali kulifungua faili la mchezo kwa kompyuta. Na wanaolalamika kwamba kuvua miraba 447 kunachosha hawakosei. Kunachosha kweli. Ila ni uchovu unaopungua kadiri unavyosonga, na hiyo ni tofauti kubwa na uchovu wa bahati nasibu.

Diamond na Pearl za mwaka 2006 zilimhamishia Feebas kwenye ziwa lililo ndani ya mlima Coronet, katika miraba minne inayobadilika kila siku. Nadhani huko wabunifu walikosea, maana anayelala kabla ya kumaliza ziwa anapoteza kazi yote ya jana, na utaratibu unaadhibiwa badala ya kutuzwa.

Kwa hiyo anayeichukua Ruby, Sapphire au Emerald leo, ushauri wangu ni huu. Usiguse msemo wa Dewford, wala usichanganye rekodi na rafiki, kwani misemo huambukizana kwa njia hiyo. Anza upande mmoja wa mto, nenda mstari kwa mstari, andika kila mraba uliokwisha kuuvua. Ukimpata wa kwanza usiondoke hapo: vua wengine watatu au wanne, ili atakayeharibikiwa na vidonge asikulazimishe kuanza upya.