Jambia la babu: msikimbilie kwa sonara

Wadau, mshkaji wangu karithi jambia la babu yake baharia, sonara anataka kulinunua kwa gramu. Nikamwambia ngoja kwanza! Kwa gramu unalipwa fedha tu, umri na kazi ya fundi vinaenda bure.

Alidhani ni la Oman. Lile huvaliwa mbele, tumboni. Hili ala yake ina pete mbili za kamba ya begani, linaning'inia ubavuni kushoto, na kichwa cha mpini kimetanuka kama mkia wa tausi: koummya ya Moroko hiyo. Chomoa uone. La zamani lina chuma cha kweli, makali pande zote mbili kuelekea ncha. La kuuzia watalii mara nyingi bati jepesi, butu. Na msilisugue ling'ae jamani, wakusanyaji wanaupenda ule weusi wa miaka. Picha akiniruhusu nitabandika.