Fundi wa Dohani za Majiko Makubwa: Mafunzo na Cheti

Kusafisha mfumo wa kutolea moshi katika jiko la biashara au la taasisi ni kazi ya fundi aliyefunzwa. Mfumo huo huanzia kwenye kofia ya bati inayoning'inia juu ya jiko, hupita kwenye vichujio vya mafuta na bomba lililofichwa darini au ukutani, kisha huishia kwenye feni au mdomo wa dohani juu ya paa. Mpishi huona kofia na vichujio tu. Hatari kubwa imejificha mbele ya hapo, na ndiyo sababu mtu anaweza kung'arisha kofia kila jioni kwa miaka bila kulifanya jiko kuwa salama.

Mafuta ya kukaangia samaki au chipsi hayabaki yote kikaangoni. Sehemu yake hupanda na mvuke kama ukungu, hupoa inapogusa bati la bomba, na huganda hapo. Utando huo unanata, hivyo hukamata masizi na vumbi na kuzidi kunenepa. Mwali ukiruka kikaangoni na feni ikauvuta juu, utando hushika moto ndani ya bomba, na moto hutambaa hadi darini wakati waliopo jikoni bado wanahangaika na kikaango.

Nchini Tanzania, Bonde la Kilombero lina majiko mengi ya kulisha watu kwa wingi: ya shule za bweni, hospitali, kambi za wafanyakazi wa miwa upande wa Kidatu, na baa na migahawa ya Ifakara inayouza samaki wa mto na nyama choma. Mengi yamezoea kuni na mkaa, na hapo tatizo huwa jingine. Kuni mbichi, au zilizolowa wakati wa masika, haziungui vizuri. Moshi wake mzito hugandamana ndani ya dohani kuwa lami nyeusi, na lami hiyo nayo huwaka.

Kiwango cha usalama wa moto cha NFPA 96 cha Marekani, ambacho mafundi wa nchi nyingi hukichukua kama marejeo, hupanga muda wa ukaguzi kwa kutazama aina ya jiko. Jiko la kuni au mkaa hukaguliwa kila mwezi. Linalopika kwa wingi, kwa mfano saa 24, hukaguliwa kila miezi 3. La wastani kila miezi 6. Na linalotumika mara chache hukaguliwa mara 1 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho, baa ndogo ya nyama choma Ifakara yenye kofia juu ya jiko la mkaa inahitaji kukaguliwa mara nyingi zaidi kuliko hoteli kubwa ya Dar es Salaam inayopikia gesi. Wenye majiko wengi wangeshangaa kusikia hivyo.

Gesi yenyewe inaingia kwa kasi. Serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa, agizo lililoanza kutekelezwa mwaka 2024, na mkakati wa taifa wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Masizi yatapungua sana. Mafuta ya kukaangia hayatapungua hata kidogo, na jikoni panapoonekana peupe bila moshi ndipo bomba husahaulika.

Mafunzo ya fundi huanza na kuujua mfumo: upepo unaingilia wapi, mafuta yanatuama kwenye kona zipi, na milango ya kufikia ndani ya bomba iko wapi. Bomba lisilo na milango haliwezi kusafishwa lote, na fundi mzuri humwambia mwenye jiko hivyo kabla ya kupokea malipo. Hufuata usalama wa kazi: kuzima jiko, kufunga gesi, kukata umeme wa feni na kufungia swichi ili mwingine asiiwashe fundi akiwa na mkono ndani, kisha kufunika vyombo kwa nailoni na kuelekeza maji machafu kwenye ndoo.

Kemikali zinataka somo lake. Kostiki soda huyeyusha mafuta yaliyoganda, lakini huchoma ngozi na kupofua macho. Fundi humimina soda kidogo kidogo ndani ya maji. Akimimina maji juu ya soda, mchanganyiko huchemka ghafla na kumrukia usoni. Soda hiyo hiyo hula alumini, kwa hiyo kichujio cha alumini kilicholowekwa humo hutoka kimetoboka. Kabla ya kuchanganya chochote, mwanafunzi hufundishwa kutambua bati la pua, bati la kawaida na alumini. Glavu ndefu, miwani iliyoziba pembeni na maji mengi ya kujioshea lazima viwe karibu.

Masizi nayo si uchafu wa kawaida. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London aliandika kuhusu saratani iliyowapata wasafisha dohani, wengi wao wakiwa wameanza kazi hiyo utotoni. Mwaka 1875 Uingereza ikatunga sheria iliyowataka wasafishaji wawe na leseni. Ujerumani hadi leo fundi wa dohani hupitia uanagenzi wa miaka 3 kabla ya kuhitimu. Marekani, chama cha IKECA kilichoanzishwa mwaka 1989 hutahini wasafishaji wa mifumo ya majiko na kuwapa vyeti, huku mtihani wenyewe ukiegemea NFPA 96.

Tanzania, ujuzi wa fundi huyu hukusanywa kutoka fani kadhaa zinazopakana: uchomeleaji na kazi za bati, umeme na upishi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ndiyo inayosimamia mafunzo ya ufundi stadi, na chuo chake cha Mikumi kiko kwenye barabara kuu panapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara. Aliyejifunza kazini bila kuingia darasani ana mlango wake, urasimishaji ujuzi: hupimwa kwa mahojiano na kwa vitendo, hupewa mafunzo mafupi pale anapopungukiwa, kisha hupata cheti. Kwa kijana wa Ifakara ambaye tayari anachomelea au kufunga feni, cheti hicho ndicho msingi wa maana zaidi kuliko cheti cha usafi wa jumla, kwa sababu ufundi wake unamfikisha ndani ya bomba.

Juu ya msingi huo kuna mahitaji ya sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, humtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga na kuhakikisha wanapimwa afya. OSHA pia hufundisha kazi za juu, somo lisiloepukika kwa anayepanda paa kufuata feni. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya mwaka 2007, hukagua majengo dhidi ya moto.

Kazi ikiisha, fundi aliyefunzwa humwachia mwenye jiko maandishi. Kibandiko kwenye kofia huonyesha tarehe, jina la aliyesafisha na sehemu ambazo hazikufikiwa, na picha za ndani ya bomba, kabla na baada, huambatanishwa na taarifa. Orodha ya sehemu zisizofikiwa ndiyo yenye thamani kuliko yote kwa mkaguzi, kwani humwonyesha mahali pa kukata mlango mpya kabla ya usafi unaofuata.